Jina au namba: matoleo ya programu yaitweje?

Toleo la Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta wa familia ya Linux, lililopangwa kutoka Aprili 2006 lilikuwa liitwe 6.04, yaani mwaka na mwezi wake. Kazi ikachelewa, likatoka Juni, namba ikageuzwa kuwa 6.06. Jina lake la kazi, Dapper Drake, halikuguswa. Wanaotetea majina wana hoja yao kubwa hapo: namba ya toleo ni ahadi ya tarehe au ya ukubwa wa mabadiliko, na ahadi hiyo haijulikani kwa hakika mpaka kazi iishe. Jina halimwahidi mtu kitu, kwa hiyo hutumika tangu siku ya kwanza.

Debian, mradi mwingine wa Linux, walijifunza hilo mapema zaidi, tena kwa hasara. Mwaka 1995 muuzaji mmoja wa CD alichukua toleo lililokuwa bado linapikwa, akaliuza kama Debian 1.0. Mradi ukalazimika kuiruka namba hiyo, na toleo rasmi la 1996 likawa 1.1, kwa jina buzz. Tangu hapo folda za matoleo kwenye seva hubeba majina ya kazi, na neno "stable" ni kiungo tu kinachoelekezwa kwenye toleo jipya siku linapotoka. Seva za nakala duniani kote haziburuzi upya mafaili yote kwa sababu tu folda imebadilishwa jina.

Upande wa pili una uzito pia. Jina halisemi lipi limetangulia lipi. Debian 10 ni buster, 11 ni bullseye, 12 ni bookworm: matatu mfululizo, yote kwa herufi b. Fundi aliyezoea mfumo huo hupanga bila kufikiri, lakini mhasibu anayeulizwa kwenye simu seva yao ina toleo gani atajibu "ile ya b", na fundi atakuwa hajasaidika.

Google walipoacha kutangaza Android kwa majina ya vitu vitamu mwaka 2019, sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba kuna lugha ambazo L na R hazitofautiani katika matamshi, hivyo anayesikia "Lollipop" hatambui kwamba kwa alfabeti ndilo linalofuata KitKat. Sisi hatuhitaji kuelezwa. Timu ikiita toleo moja Kalamu na jingine Karamu, kuna ofisi nyingi za kwetu ambako simu moja tu itatosha kusababisha lisilotakiwa lisakinishwe.

Hata hivyo namba nazo si salama kama zinavyodhaniwa. Andika 3.10 bila alama za kunukuu kwenye faili la mipangilio la YAML, na kompyuta itaisoma kama desimali, yaani 3.1. Wengi waliohamia toleo la 3.10 la Python, lugha ya kuandikia programu, walinaswa na hilo. Binadamu naye huona 2.9 ni kubwa kuliko 2.10, ilhali kwenye matoleo 2.10 ndiyo ya baadaye.

Kwa maoni yetu, kosa ni kulazimisha kimoja kifanye kazi ya kingine. Jina litawale kuanzia kikao cha kwanza mpaka siku ya kutoka; baada ya hapo namba itangulie na jina lifuate nyuma. Linux nyingi tayari zinafanya hivyo: fungua faili la /etc/os-release kwenye Debian au Ubuntu utakuta VERSION_ID yenye namba na VERSION_CODENAME yenye jina. Skripti inayohitaji kulinganisha lipi ni jipya isome namba. Na faili la usakinishaji analopewa mteja liwe na namba, hata kama kila mtu ofisini analiita kwa jina.

Sasa uchaguzi wenyewe, ambako ndiko timu nyingi huteleza. Chagua neno moja, lisilozidi herufi kumi hivi, lenye herufi za kawaida tu. Fedora 19, Linux nyingine, ya mwaka 2013 iliitwa Schrödinger's Cat, na ile ö pamoja na ritifaa (') vilivuruga programu zilizosoma jina hilo. Fedora 20 ndiyo ikawa ya mwisho kupewa jina. Kwa Kiswahili mtego uko kwenye ng'. Andika mkdir ng'ombe kwenye terminali na amri haitatekelezwa: ritifaa imefungua nukuu, kompyuta inasubiri uifunge. Chagua twiga.

Epuka neno linalotumika tayari ndani ya msimbo. Ukiliita toleo Malipo kwenye mfumo wa malipo, utafutaji wowote utakurudishia mamia ya mistari isiyohusika. Epuka pia mizigo ya maana. Bundi ni ndege mzuri, lakini benki gani itapokea toleo lenye nuksi ya bundi? Mafia ni kisiwa chetu, na mteja wa Ulaya atasikia genge. Jina la mtu aliye hai liache kabisa: Apple waliita kompyuta moja Carl Sagan, kwa matumizi ya ndani tu, habari ikavuja magazetini, na mwanasayansi huyo akaishia kuwashtaki. Jina likitoka nje kwenye matangazo, litafutwe kwanza BRELA, wanaosajili alama za biashara Tanzania Bara, au KIPI kwa walio Kenya.

Mpangilio wa alfabeti unasaidia, ila una mwisho. Ubuntu hutoa matoleo mawili kwa mwaka. Walifika Z na Zesty Zapus Aprili 2017, wakarudi A. OpenStack, programu ya kuendesha seva za wingu, walipoishiwa baada ya Zed mwaka 2022, walianza tena kwa Antelope na kuongeza mwaka mbele: 2023.1. Kiswahili sanifu hakitumii Q wala X, na wanyama wanaoanza na E utawatafuta sana. Mashua, jahazi, ngalawa, dau na mtepe zinapendeza lakini zinakwisha upesi. Andaa orodha ya majina ishirini kabla ya kuanza, yasomeni kwa sauti kwenye simu mbovu, mfute kila linalohitaji kurudiwa. Toleo likifutwa njiani, jina lake lizikwe nalo, kwa sababu barua pepe na ripoti za zamani zitaendelea kulitaja.