Lenzi ya wadudu: milimita 60, 100 au 180?

Kereng'ende akitua kwenye unyasi, kivuli chako kikimpitia tu, hayupo. Wapenzi wa lenzi ndefu, zenye milimita nyingi, huanzia hapo wanapopiga picha za wadudu, na wana hoja. Chukua makro (lenzi za kupigia vitu vidogo kwa karibu) tatu za Canon, za milimita 60, 100 na 180. Zote hufika 1:1, yaani mdudu wa sentimita moja anajaza sentimita moja ya kihisio, kile kibati ndani ya kamera kinachopokea picha. Ila ya kwanza inataka umkaribie hadi sentimita 20, ya pili 30, ya tatu 48.

Namba hizo zina ujanja wake. Zinapimwa kuanzia kwenye kihisio. Toa unene wa kamera na urefu wa lenzi, na kati ya kioo na mdudu zinabaki kama sentimita 9, 13 na 25. Kwa kereng'ende, hizo 25 ni raha tupu, na nyasi za nyuma zinalainika vizuri zaidi. (Wanaosema lenzi ndefu hupunguza sehemu ya mdudu inayoonekana kwa ukali pichani wanakosea: kwa ukuzaji uleule na f ileile (f ni kipimo cha tundu la lenzi; namba ikikua, tundu linapungua), ni karibu sawa.)

Tatizo ni mkono na mwanga. Ile ya 180 ina zaidi ya kilo moja, na kwenye 1:1 hata pumzi yako inaonekana pichani. Halafu f/11 kwa ukaribu huo inapitisha mwanga kama wa f/22, kwa hiyo utahitaji flashi. Flashi yenye kitambaa cheupe mbele hulainisha mwanga ikiwa karibu; ukiisogeza mbali, mgongo wa mbawakawa unang'aa doa moja kali kama bati juani. Hapo lenzi fupi inashinda. Majimoto wa kwenye mwembe nao hawakimbii, bali wanakufuata wewe, na kwao hata sentimita 9 zinatosha kupiga picha na kujuta.

Mimi ningenunua ya 100, au ya 90 ya Tamron, na kumwachia ile ya 180 anayewinda kereng'ende kila wiki. Mwenye pesa kidogo aanze na lenzi ya 50 aliyonayo na pete za kuirefusha, zinazofungwa kati yake na kamera. Atalazimika kumsogelea mdudu mno, basi atoke saa kumi na mbili asubuhi, wakati kipepeo bado ana umande mabawani na hawezi kuruka.