Kabla ya kununua strima, fungua sanduku la kaseti

Shemeji yangu wa Kisauni amerithi kwa babake amplifaya na spika mbili kubwa za mbao, na mwaka huu ameamua kuzifufua. Anachotaka ni strima: kile kisanduku kidogo kinachoshika WiFi, kikavuta muziki na kuupeleka kwenye amplifaya, simu ikabaki ya kuchagulia nyimbo tu. Kila aliyemuuliza amempa jibu lile lile. Tazama inafungua huduma ngapi za mtandaoni. Yenye orodha ndefu ndiyo ya kununua.

Ushauri huo una mashiko. Spotify iliingia Kenya mwaka 2021, na tangu hapo kwa malipo ya mwezi mtu wa Mombasa ana mamilioni ya nyimbo mkononi. Strima inayoitambua huduma yako huvuta wimbo yenyewe kutoka mtandaoni, kwa hiyo simu ikilia, au ukitoka nayo kwenda kununua mkate, muziki haukatiki. Ukitumia bluetooth, simu ndiyo inayobeba kila kitu: sauti inabanwa upya njiani, na ujumbe ukiingia mlio wake unapasuka kwenye spika katikati ya wimbo. Nyumba ambayo muziki wake ni bongo fleva na nasheed za juzi haina haja ya kusoma zaidi ya hapa. Strima ya WiiM Pro ilipotoka bei yake ilikuwa dola 149 za Marekani, kabla ya usafiri na kodi, na kazi hiyo inaifanya vizuri.

Lakini mamake shemeji ana sanduku la kaseti, kama 40 hivi. Nilichukua moja, ya dakika 90. Karatasi imekuwa rangi ya chai, na juu yake, kwa kalamu ya wino, pameandikwa jina la bi harusi, mtaa wa Majengo, na neno moja: Bhalo, yaani Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu. Tulipoitia kwenye redio kaseti, kabla ya udi kusikika alisikika mwanamke akiwahimiza watoto wakae chini, kisha vigelegele, kisha fidla. Mama yule aliinua kichwa akasema, "Huyo ni dadangu." Dadake alifariki zamani.

Hiyo haimo kwenye huduma yoyote, na hakuna wa kuitia. Taarabu ya mji huu ilikaa kwenye kaseti. Watu walinasa sauti harusini, na maduka kama Mbwana Radio Service yakauza kanda za akina Zein l'Abdin na Juma Bhalo. Kidogo kimefika mtandaoni. Kilichobaki kimo chini ya vitanda, na hewa yetu ya chumvi na unyevu inakila mwaka hadi mwaka.

Ndiyo maana naona upande wa pili, wa strima inayocheza faili zako mwenyewe, unadharauliwa bila haki. Husemwa kuwa ni mambo ya wazee wasiotaka kulipia, au ya mafundi wa kompyuta. Hesabu yake ni ndogo mno kuitwa ufundi. Kaseti ya dakika 90 ikinakiliwa kwa kiwango cha CD, yaani biti 16 na kilohezi 44.1, inachukua karibu megabaiti 950. Ukiihifadhi kwa FLAC, inayopunguza ukubwa bila kutupa chochote cha sauti, inashuka hadi kama nusu. Sanduku zima la mama linaingia kwenye flashi ya gigabaiti 32 na nafasi inabaki.

Liko pia suala la majina. Huduma hupanga nyimbo kwa mwimbaji na albamu, na sisi hatuikumbuki taarabu hivyo. Tunauliza shairi ni la nani, na lilimlenga nani. Juma Bhalo aliimba mashairi mengi ya binamu yake, Ahmad Nassir. Kwenye orodha ya waimbaji, jina la malenga huyo halina pa kukaa. Kwenye faili yako unaandika mtunzi, harusi, mtaa na mwaka, na strima nzuri inaweza kukutafutia kwa mengi kati ya hayo.

Kinachonikosesha raha zaidi ni umri wa vyombo hivi. Amplifaya ya marehemu inacheza mpaka leo kwa sababu haimwombi mtu ruhusa. Strima nyingi huomba. Kampuni ya Logitech iliacha kutengeneza strima zake za Squeezebox mwaka 2012, na mwaka 2024 ikaifunga seva ya mtandaoni, yaani kompyuta ya kuhudumia vyombo vingine, ambayo vyombo hivyo viliitegemea kwa huduma nyingi. Aliyekuwa na muziki wake na programu ya seva nyumbani hakupungukiwa na kitu, kwani msimbo wa programu ile ulikuwa wazi kwa yeyote kuutumia, na leo wapenzi wake wanaiendeleza kwa jina la Lyrion Music Server. Chromecast Audio, strima ndogo ya Google, nayo kampuni hiyo iliacha kuitengeneza Januari 2019. Machi 2025 cheti kimoja cha usalama kilichokuwa ndani yake kikaisha muda, na vyombo vizima, ambavyo hakuna aliyeviangusha wala kuvilowesha, vikagoma siku kadhaa hadi kampuni ilipotuma marekebisho. Safari hiyo kampuni iliitika. Ninayenunua kwa miaka 15 siwezi kuweka sauti ya harusi ya mtu juu ya tumaini kwamba itaitika kila mara.

Mtandao wenyewe nao tunaujua. Nyaya za baharini zinapandia hapa hapa Mombasa, na hata hivyo EASSy na SEACOM zilipokatika Mei 2024 sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikwama. Anayetumia bando ana hesabu nyingine: saa moja ya muziki wa kilobiti 320 ni kama megabaiti 144, na usiopunguzwa ni zaidi ya maradufu. Flashi haili bando.

Njia hii ina kasoro zake pia. Kunakili kaseti 40 ni saa 60 za kukaa kando ya deki, kwa sababu kanda haikimbizwi. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye programu ya moOde ni rahisi na haimtegemei mtu, lakini stima ikikatika ghafla kadi yake ya kumbukumbu inaweza kuharibika, na nyumbani ni wewe utakayeamshwa kuitengeneza. Na mama hatajaza jina la mtunzi mwenyewe. Mtu lazima aketi naye aulize.

Shemeji hahitaji kuchagua upande mmoja na kuukana mwingine. WiiM Ultra na Bluesound Node zina tundu la USB la kuchomeka flashi na pia zinafungua huduma za mtandaoni wanazopenda watoto. WiiM Pro haina, itahitaji seva ndogo ndani ya nyumba. Nimemwambia asiangalie sana kigeuzi cha sauti kilichomo ndani, kile kinachogeuza faili kuwa sauti ya kwenda kwenye amplifaya. Tofauti yake kwa spika zile ni ndogo kuliko tofauti ya kusafisha vichwa vya deki kabla ya kunakili.

Nimemwambia pia aende dukani na flashi yake. Aiweke harusi ile ya Majengo, upande A, iliyokatwa faili mbili katikati ya shairi. Amwombe muuzaji azime intaneti, acheze, asikilize pale faili ya kwanza inapoingia ya pili. Strima ikinyamaza hata kwa kitambo cha kupumua, airudishe rafuni aombe nyingine.