Viti vinne kati ya saba: ODM ilipoteza nini Kilifi?

Kaunti ya Kilifi ina maeneo bunge saba, na katika uchaguzi mkuu wa 2017 yote saba yalichagua wabunge wa ODM, chama cha Raila Odinga. Miaka mitano baadaye, Agosti 9, 2022, chama hicho kilibaki na manne: Malindi, Magarini, Kilifi Kusini na Kaloleni. Kilifi Kaskazini ilikwenda UDA, chama cha William Ruto, huku Rabai na Ganze zikichukuliwa na PAA, chama kipya cha aliyekuwa gavana, Amason Kingi. Hapa Malindi hesabu hiyo bado husomwa kwa njia mbili.

Wapo wanaosema kwamba ngome imebomoka, na hoja yao si nyepesi. Viti hivyo vitatu vilipotea katika uchaguzi ule ule ambao Raila Odinga aliongoza Kilifi kwa kura za urais, na Gideon Mung'aro akashinda ugavana kwa tiketi ya chungwa, alama ya ODM. Maana yake ni kwamba wapiga kura wengi waliichagua ODM kwenye karatasi moja, wakaikataa kwenye nyingine, wakiwa ndani ya kibanda kile kile. Usiku wa kuhesabu kura nilisimama mlangoni pa shule moja ya msingi mjini, fomu za matokeo zikiwa zimebandikwa sambamba, watu wakizimulika kwa tochi za simu. Chama kilikuwa kimoja, lakini idadi hazikulingana kutoka fomu hadi fomu, na waliokuwa karibu nami walikuwa wakifuatisha kwa kidole safu moja baada ya nyingine.

Upande wa pili hutaka tuangalie ni nani waliovichukua viti hivyo. Owen Baya, aliyeshinda Kilifi Kaskazini kwa UDA, ndiye aliyekuwa ameshinda kiti hicho kwa ODM mwaka 2017. Naye Kingi alikuwa gavana kwa vipindi viwili kwa tiketi ya ODM kabla ya kuanzisha PAA. Kwa mtazamo huu, chama hakikushindwa na wageni, bali kilihamwa na watu wake. Hoja hii ina nguvu, ila inapofika Malindi inakwama. Aisha Jumwa, mbunge wetu wa 2017, alihamia UDA akawania ugavana na kushindwa, na kiti alichokiacha kikabaki ODM kupitia Amina Mnyazi. Hata katika uchaguzi mdogo wa Machi 2016, Jubilee ilipoleta uzito wote wa serikali hapa, Willy Mtengo wa ODM alipata kura 15,582 dhidi ya 9,243 za Philip Charo. Kuhama kwa kiongozi, basi, hakubebi kura kila mahali.

Magarini, ng'ambo ya daraja la Sabaki, ndiko kunakonishughulisha zaidi. Mwaka 2022 Harrison Kombe wa ODM alimshinda Stanley Kenga wa UDA kwa kura 21, idadi ya abiria wa matatu moja na nusu. Mei 2025 Mahakama ya Juu ikathibitisha kubatilishwa kwa ushindi huo, na katika uchaguzi mdogo wa Novemba 27 Kombe akarudi kwa kura takriban mara mbili za Kenga. Wengi wameuita ushindi huo ufufuo wa chama. Mimi naona wameharakisha. Safari hii UDA, kwa mapatano yake na ODM, haikusimamisha mgombea, ilimuunga mkono Kombe; Kenga alilazimika kusimama kwa DCP, chama cha Rigathi Gachagua; na Raila alikuwa amefariki Oktoba 15, wiki sita tu kabla, majonzi yakiwa bado mabichi. Kura iliyopigwa katika hali hiyo haiwezi kulinganishwa na ile ya 2022.

Kinachopuuzwa na pande zote mbili ni ardhi. Mkazi wa Gongoni, huko Magarini, anayeishi kando ya mashamba ya chumvi bila hati ya kiwanja chake humpima mbunge kwa swali moja: siku tutakapoambiwa tuhame, atasimama nasi? Mwaka 2017 rangi ya chungwa ilitosha kuwa jibu. Mwaka 2022, kwa Magarini nzima, ilitosha kwa kura 21. Agosti 2027, iwapo UDA na ODM kila kimoja kitasimamisha mgombea wake huko, ndipo tutajua kama zile kura za Novemba zilikuwa za chungwa, za Kombe, au za mapatano ya wakubwa wa Nairobi.