Biko Kafa, Filamu Inaendelea

Ikifika Septemba lazima kuna mtu atatupia filamu ya *Cry Freedom* kwenye grupu na maneno yaleyale: kama humjui Steve Biko, yule mpinzani wa makaburu wa Afrika Kusini, angalia hii. Safari hii nimechoka kunyamaza. Ukiiangalia hiyo utamjua Donald Woods.

Kila aliyekulia kwenye mabanda ya video anajua stelingi hafi. Sasa piga hesabu. Filamu inapita saa mbili na nusu, na Biko tunamzika mapema tu. Muda uliobaki ni wa huyo Woods, mhariri wa gazeti, mzungu, anayevaa kipadri na kutorokea Lesotho, mkewe na watoto watano wakimfuata, sisi roho mkononi tukiomba wasikamatwe. Denzel Washington aliyemwigiza Biko aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Msaidizi! Kwenye kifo chake mwenyewe.

Na kifo kile kilivyo, hakikuhitaji kuongezewa chumvi. Agosti 1977 Biko alinaswa kwenye kizuizi cha barabarani karibu na Grahamstown. Kule Port Elizabeth polisi walimweka uchi, wakamfunga minyororo, wakampiga mpaka ubongo ukaumia, na daktari akaandika kwamba haoni tatizo. Kisha wakamlaza nyuma ya Land Rover, uchi vilevile, zaidi ya kilomita elfu moja hadi Pretoria. Alifariki 12 Septemba, ana miaka 30. Waziri wa sheria na polisi, Jimmy Kruger, akaanza na hadithi ya kugoma kula. Mahakama haikuona wa kulaumiwa. Miaka karibu ishirini baadaye, mjane wake Ntsiki alikuwa bado yuko mahakamani, akipinga wauaji kusamehewe kirahisi. Kwangu mimi filamu iko hapo, kwa huyo daktari na kalamu yake, kwa huyo mama. Lakini tunapewa padri bandia anavuka mto.

Haya, najua mtakachosema. Mwaka 1987 hakuna studio ya Hollywood ambayo ingetoa hela bila sura ya mzungu mbele. Huenda. Na kweli, makaburu iliwauma: mwaka 1988 polisi wao waliikamata siku ileile ilipoanza kuonyeshwa. Ile orodha ya mwisho ya waliofia mahabusu, huyu kateleza bafuni, yule kaanguka ghorofani, wa tatu kajinyonga, bado inanisisimua mwili. Woods naye alikuwa jasiri, mwanawe mdogo alitumiwa fulana yenye tindikali. Nampa heshima yake. Ila heshima hiyo si lazima ikatwe kwenye fungu la Biko.

Mwaka huohuo wa 1988 wakatuletea *Mississippi Burning*, FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, ndio wakombozi wa weusi. FBI hao hao waliokuwa wananasa simu za Martin Luther King!

Msiniambie haiwezekani kufanya vingine. *The Battle of Algiers*, ya Waalgeria wakipigana na Wafaransa, ilitoka 1966. Yacef Saadi, aliyeongoza wapiganaji wa FLN, chama cha ukombozi, kule Casbah, mji mkongwe wa Algiers, ndiye mtayarishaji na yumo ndani akiigiza mtu kama yeye. Waliobaki karibu wote ni watu wa mtaani, si waigizaji. Stelingi, Ali la Pointe, analipuliwa na Wafaransa ndani ya maficho yake, ukidhani mambo yamekwisha hapo. Yanasogea mpaka Desemba 1960, watu wanamiminika mitaani, vigelegele juu ya moshi, askari hawajui wamkamate nani. Stelingi kafa na hakuna mzungu aliyeitwa kuja kuimalizia hadithi. Ufaransa iliizuia kwa miaka kadhaa, na sishangai.

Sasa kuna wanaoulizana lini tutapata filamu kubwa ya Dedan Kimathi wa Mau Mau. Mimi naogopa kujibiwa. Ian Henderson, polisi aliyemwinda msituni, aliwahi kuandika kitabu kizima kuhusu uwindaji huo, kwa hiyo hadithi ya upande wake iko tayari, inangoja studio tu. Nikiona bango lina Mwingereza mwenye mawazo mazito mbele na Kimathi kwa mbali nyuma ya miti, hela ya tiketi nainywea chai.