Mama mwenye nyumba kanitafuta Google

Kwanza tuondoe uongo. Mwenzangu, yule tuliyeanzisha naye kampuni, tangu jana kajaza stetasi kwamba nilipogundulika niliingia uvunguni mwa kitanda. Si kweli. Mimi sina kitanda. Nina godoro, chini ya godoro kuna mkeka, chini ya mkeka kuna saruji ya mama mwenye nyumba. Huo uvungu ningeutoa wapi? Kwa hiyo acheni kunitumia vile vikatuni, nisimulie mwenyewe, aibu si ni yangu?

Mnaonifuata mnajua tunatengeneza programu ya wenye maduka, daftari la madeni ndani ya simu. Mangi anaandika nani kachukua sukari, nani kachukua unga, siku ya kulipa ikifika programu inamtumia mdaiwa meseji ya adabu. Kitu kizuri. Tatizo ni wateja. Tumezunguka Kariakoo, tumezunguka Manzese, tumezunguka Tandika, na kila mangi ana jibu lilelile: "Acha namba." Namba yangu imeachwa Dar hii kuliko ya fundi wa kuzibua vyoo.

Hela ya matangazo hatuna. Ndipo mwenzangu akaja na SEO. Kwa msiojua, ni ule ufundi wa kuipanga tovuti yako ili mtu akitafuta kitu Google utokee wewe juu, bila kulipia tangazo. Bure. Mtu anayedaiwa kodi akisikia bure, akili yote inahamia hapo.

Na hoja yake ilikuwa na mashiko, nisimwonee. Kwa Kiingereza utapambana na makampuni yenye waandishi wa mshahara na tovuti za tangu enzi za intaneti ya kupiga simu. Kwa Kiswahili kurasa za maana bado chache, uwanja mweupe. Tukafungua Keyword Planner, kile kifaa cha Google cha kuangalia watu wanatafuta nini. Kama huwalipi matangazo hakikupi namba kamili, kinakupa makadirio ya jumla tu, 10 hadi 100, 100 hadi 1,000, ujipimie mwenyewe. Tukaandika "programu ya daftari la madeni ya duka". Kikatoa kistari. Maana yake hakuna binadamu anayehangaika na hicho kitu. Tukaandika "jinsi ya kudai deni". Hapo sasa, watu!

Wenye kuijua kazi hii mmeshaanza kucheka, nawaona. Anayetafuta daftari anataka pa kuandika. Anayetafuta jinsi ya kudai deni alishaandika zamani, akapiga simu, akablokiwa, na sasa anatafuta mtu wa kwenda kugonga mlango. Ila saa saba usiku, tumbo lina chai tupu, nani anachambua nia ya mtafutaji? Mimi niliona namba.

Nikaandika ukurasa: "Jinsi ya Kumdai Mtu Deni Sugu Bila Kugombana". Niliuandika kwa moyo wote. Kichwa kinachoonekana kwenye matokeo, maelezo mafupi chini yake, vichwa vidogo, picha zenye majina ya maana badala ya zile IMG na tarakimu. Chini kabisa, wasiliana nasi, na namba ya ofisi. Ofisi yenyewe ni kiswaswadu kimoja chenye laini ya pili, nakiweka dirishani ndiko mtandao unakoshika. Hilo dirisha likumbukeni.

Wiki zikapita kimya, kwa sababu tovuti changa Google haiikimbilii. Mwenzangu akasema basi tujiweke na kwenye ramani, tufungue ule wasifu wa biashara wa Google. Unaandika jina, unaweka mahali ulipo, unachagua aina ya biashara. Tukatazama "kampuni ya programu", Dar nzima imejaa. Tukashuka kwenye orodha tukakuta "wakala wa kukusanya madeni". Ushindani mdogo. Mwenzangu akasema, kwani sisi hatuhusiki na madeni? Nikasema tunahusika sana. Mimi hasa.

Kuthibitisha wanataka video, waone mtaa, waone kibao cha biashara, waone kwamba kweli wewe ndiye mwenyewe. Nikachapisha kibao kwenye karatasi ya A4, nikakibandika mlangoni mama mwenye nyumba alipokwenda sokoni, nikarekodi kuanzia barabarani mpaka chumbani, nikakibandua kabla hajarudi na kapu lake. Halafu pale wanapokuuliza kama wateja wanakuja hapo ulipo, ili kama hawaji uifiche anwani, nikaiacha wazi. Nilitaka tuonekane tuna ofisi.

Sasa sikilizeni. Google yenyewe inasema matokeo ya karibu na mtu hupangwa kwa mambo matatu: kama biashara inaendana na alichotafuta, iko umbali gani na aliposimama, na inajulikana kiasi gani. Kujulikana hatujulikani. Lakini kuna mtu mmoja katika Sinza nzima ambaye kwake sisi tulikuwa karibu kuliko biashara yoyote duniani.

Simu zilianza. Kwenye Search Console, kile kifaa cha Google cha kukuonyesha tovuti yako inatokea na kubofywa kiasi gani, mstari ukapanda, mwenzangu akanunua chipsi mayai tukasherehekea. Mama mmoja wa Mbeya anadai hela ya vitenge. Kaka mmoja anamdai shemeji yake na anataka tumvizie msibani. Wengine waliona neno deni wakataka kukopa, na mmoja kabla hata ya salamu kaniuliza kama sisi ni kausha damu, maana Benki Kuu ilishatoa orodha ya programu za mikopo zisizo na leseni mwaka 2024, na yeye alitaka kujua kama bado tunafanya kazi kisirisiri. Mwenye duka? Hakuna hata wa dawa. Na wadai wakawa hawalali, wanapiga usiku wa manane, nikakiweka kiswaswadu kwenye mtetemo.

Jumamosi asubuhi. Nina bukta, nina chapati, nina chai ya rangi. Kiswaswadu kikatetemeka dirishani. Namba ngeni, na kwenye kile kisimu kila namba ni ngeni, sijahifadhi jina la mtu hata mmoja.

"Habari za asubuhi, karibu huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

Hiyo sauti si yangu. Nimeiazima kwa wale dada wa mitandao ya simu nikaishusha iwe ya kiume.

"Nzuri. Eti nyie ndiyo mnaokusanya madeni?"

"Tunasaidia watu kufuatilia madeni yao, mama."

"Basi nina mpangaji wangu hapa."

Kuna kitu kilinigusa, kikapita. Dar ina wapangaji wangapi?

"Kijana tu. Hana baya, shikamoo yake haikosekani. Ila kodi imeisha tangu kabla ya Ramadhani. Ramadhani imepita, Idi zote mbili zimepita, Sabasaba hiyo. Nikimuuliza ananiambia mama subiri, kuna wawekezaji."

Ndugu zangu. Wawekezaji.

Mkono wenye chapati ukasimama hewani. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba sauti ilikuwa inanifikia mara mbili. Ya dirishani inatangulia, ya simu inafuata nyuma yake. Dirishani: wawekezaji. Kwenye simu: wawekezaji. Nikasogeza pazia kwa kidole kimoja. Mama mwenye nyumba huyu hapa, hatua tatu, kanipa mgongo, kakaa kwenye kigoda anachambua mchele kwenye ungo, simu ya mjukuu kaibana kwa bega.

Najua mnachouliza. Kwa nini sikukata? Nikate ili ampigie wakala wa pili kwenye orodha? Wa pili angekuja kweli! Bora nijidai mwenyewe. Na dirishani nisingeweza kutoka, mtandao ungekatika. Kwa hiyo nikachuchumaa chini ya dirisha, nikavuta shuka nikajifunika kichwa na simu humo humo, nikaendelea na kazi. Mungu ambariki jirani wa chumba cha mwisho na singeli yake, ndiyo iliyonisitiri kwa muda.

"Mnachukua asilimia ngapi?"

"Kumi, mama."

"Kumi nyingi. Mwenyewe mwembamba, hatawasumbua."

"Basi tufanye saba."

"Tano."

"Sawa mama, tano." Nikumbusheni nisije nikapewa kazi ya kujadili bei ya kitu chochote tena. Nimejiuza kwa asilimia tano nikiwa ndani ya shuka.

"Mnatoa vyombo nje au mnaongea tu?"

"Huwa tunaanza na mazungumzo."

"Mazungumzo nimeshafanya sana mimi. Andika. Ana godoro." Nikatazama godoro. "Ana feni." Nikatazama feni. "Ana mtungi wa gesi ule mdogo. Viatu sivihesabu. Ile kompyuta yake ndiyo yenye hela." Laptopu iko wazi mbele yangu, kwenye kioo kuna grafu ya Search Console, inapanda.

"Nimeandika, mama."

"Na mpo wapi? Mjukuu kanifungulia ramani, inasema dakika moja kwa miguu. Naona kidoti cha bluu na kile chekundu vimekaliana hapa hapa kwangu."

"Ramani huwa zinakosea, mama."

Jirani akazima singeli.

Na katika ule ukimya, kimashine changu cha LUKU, ambacho kilikuwa kinaonya tangu jana yake kwamba yuniti zinaisha, kikasema: *tii*.

Mama mwenye nyumba akanyamaza. Nami nikanyamaza. *Tii.*

"Na kwenu umeme unaisha?"

"Kidogo tu, mama."

"Kama wa huyu kijana. Chake kinalia tangu jana."

*Tii.*

Nilikuwa nimetoa jicho moja kwenye upenyo wa pazia, kwa hiyo niliona kila kitu. Vidole vyake viliacha kuchambua mchele. Akaitoa simu begani, akaishika mbali na sikio, akasikiliza uwanjani: *tii*. Akairudisha sikioni: *tii*. Akaitoa tena. Yule mama hajawahi kukanyaga maabara, lakini alifanya jaribio, akalirudia, akahakikisha. Akauweka ungo chini taratibu, asimwage. Akainuka. Akageuka na simu yake sikioni, akaja, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, uso wake ukajaa kwenye nyavu ya mbu.

Mimi nipo chini, shuka kichwani, kiswaswadu sikioni, chapati mdomoni. Tukatazamana.

Na hapa, wadau, mwili wangu uliamua mambo yake bila kunishirikisha. Nikameza, nikasema kwa ile ile sauti ya huduma kwa wateja: "Shikamoo, mama."

Naye kwa mazoea akajibu. Kwenye simu. "Marahaba."

Halafu: "WEWE!" Hiyo sikuhitaji simu.

Yaliyofuata ni mafupi. Nyumba nzima ilitoka. Mama alicheka mpaka akakaa chini, akapaza sauti kwa jirani wa singeli aje asikie, jirani akampigia mwenzangu, mwenzangu akawasha kinasa sauti, ndiyo ile mnayotumiana. Nimelipa nusu ya kodi kwa hela ya mwenzangu, nusu nyingine ina tarehe. Aina ya biashara tumeibadilisha, anwani tumeificha, na ule ukurasa wa deni sugu nimeuandika upya kwa ajili ya wenye maduka, umeshuka kwenye matokeo mpaka sasa hata mimi nautafuta kwa tabu.

Ila mama aliuliza, basi hicho kitu chenu kinafanya nini hasa? Nikamwonyesha. Akasema mbona kinafaa kwa wapangaji. Akaingiza chumba kimoja kimoja, tarehe za kodi, namba za simu, cha kwanza changu. Huyo ndiye mteja wetu wa kwanza wa kulipa, na ada ya mwezi anaikata kwenye kodi yangu. Kila asubuhi saa mbili naletewa meseji ya kukumbushwa, maneno niliyoyatunga mwenyewe, na yana adabu kweli, mpaka yanakera.

Jana jioni mjukuu akamsaidia kutuandikia maoni kule kwenye ramani. Nyota nne. "Huduma nzuri, wapo karibu. Ila mwenye kampuni mwenyewe anadaiwa." Maoni ya mteja huwezi kuyafuta kwa sababu tu yamekuchoma, unaruhusiwa kujibu basi. Nikawa bado nawaza nijibu nini, kumbe mwenzangu kaniwahi, kwa jina la kampuni: "Asante kwa mrejesho, mteja wetu. Suala hili tunalifuatilia."