Aliyekosa Tarehe ya Kliniki Si Lazima Awe Mzembe

Keti kwenye benchi la kliniki ya presha au sukari katika hospitali kubwa yoyote kuanzia Nakuru hadi Busia, na hutakawia kumsikia mgonjwa akiulizwa mbele ya wenzake: "Tarehe yako ilikuwa lini?" Muuguzi anayeuliza ameshaiona tarehe hiyo kwenye kadi. Mgonjwa ameshakuwa difolta, yaani aliyekosa tarehe yake, na mara nyingi atasubiri hadi waliokuja kwa siku yao wamalizike, au arudishwe nyumbani na tarehe nyingine.

Wauguzi wana hoja, na si ndogo. Wataalamu ni wachache, ndiyo maana kliniki zao hupangiwa siku maalumu ya wiki. Nafasi iliyoachwa wazi kwenye mashine ya kupimia moyo ingemfaa mgonjwa mwingine aliyeingoja kwa muda mrefu. Bila utaratibu wa tarehe, leo wangejaa watu mia na kesho benchi zikae tupu. Isitoshe, mgonjwa anayetoweka anaweza kurudi miezi kadhaa baadaye amebebwa, upande mmoja wa mwili umepooza, na muuguzi yuleyule ndiye anayempokea. Ukali wake unatokana na mambo aliyoyaona.

Lakini tuiangalie hiyo miadi yenyewe. Kwenye kadi pameandikwa TCA, kifupi cha Kiingereza "to come again", yaani arudi tena, kisha tarehe. Saa haipo. Wote waliopewa siku hiyo wanatakiwa kufika asubuhi, na mlangoni kuna boksi la kadi: aliyetangulia kuitumbukiza yake ndiye wa kwanza kuitwa. Kwa hiyo, kwenye hospitali ya Kisumu, mkazi wa mtaa wa Nyalenda mjini humo anaamka alfajiri na kutembea. Mzee wa kisiwa cha Mfangano lazima kwanza avuke maji hadi Mbita, kisha atafute matatu ya Kisumu. Akitaka kadi yake iwe juu juu, itabidi aje jana yake na alale kwa jamaa. Wote wawili wameandikiwa tarehe ileile, na kwa karatasi wanaonekana wamehudumiwa sawa.

Tarehe yenyewe hupatikana kwa kuhesabu wiki nne au nane kwenye kalenda ya ukutani. Ni nadra sana mgonjwa kuulizwa kama siku hiyo itakuwa na shida. Mama anayeuza mitumba katika soko la Kibuye hulipa nauli ya kwenda na kurudi, hupoteza mauzo ya siku nzima, na kama anamleta mamake mkongwe, nauli ni mara mbili. Siku hiyo ikiangukia wiki ambayo karo inadaiwa, ataahirisha. Na akitaka kuomba abadilishiwe, ampigie nani? Kadi nyingi hazina nambari ya simu.

Kinachofuata baada ya hapo ndicho kinachoniuma zaidi. Mgonjwa wa presha hupewa dawa za kumfikisha kwenye tarehe yake, si zaidi. Akikosa siku hiyo, dawa zinaisha juma hilohilo, ilhali kliniki inayofuata huenda ikawa mwezi ujao. Katikati ya hapo kuna wiki nzima nzima zisizo za mtu. Mwenye pesa kidogo ataenda kwa chemisti anunue vidonge vya siku tatu, kisha aanze kunywa leo na kuruka kesho ili vimfikishe mbali. Asiye nazo atakaa hivyo hivyo, na presha haina desturi ya kuuma. Anajisikia mzima, analima, anabeba mizigo, na kila siku inayopita inamthibitishia kwamba anaweza kuishi bila dawa. Siku moja aliyoikosa imegeuka kuwa mwezi, na mwezi huo haukuwa uamuzi wake. Ni ratiba iliyouzaa. Angepokelewa kesho yake kwenye dirisha la dawa, akapimwa presha na kuongezewa vidonge vya kumfikisha kliniki ijayo, pengo hilo lisingekuwepo.

Hospitali nazo hukosa miadi. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56; mwaka 2017 wauguzi waligoma takriban miezi mitano. Wagonjwa walikuja kwa tarehe zao wakakuta milango imefungwa. Sisemi mgomo ulikuwa kosa, maana madai ya wahudumu yalikuwa na uzito. Nasema tu kwamba hakuna aliyesimamishwa mbele ya benchi na kuulizwa tarehe yake ilikuwa lini.

Na jambo lenyewe tumeshaona linavyoweza kufanywa, hapa hapa kwetu. Chulaimbo, katika kaunti ya Kisumu, watafiti walifuatilia watu wazima 431 waliokuwa wameanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, kwa wiki 48, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Baadhi walitumiwa ujumbe mfupi wa simu wa kuwakumbusha. Kati ya waliopata ujumbe mara moja kwa wiki, asilimia 53 walimeza angalau asilimia 90 ya dawa zao. Kati ya wasiotumiwa, asilimia 40. Waliowahi kukatiza dawa kwa zaidi ya saa 48 walikuwa asilimia 81 kwa waliopata ujumbe wa kila wiki, dhidi ya 90 kwa wasiotumiwa. Ujumbe wa kila siku haukuleta tofauti, na kuurefusha kwa maneno ya kutia moyo hakukuongeza kitu. Ni kweli utafiti huo ulihusu kumeza dawa, si kuja kliniki. Hata hivyo wagonjwa hao ni wa vijiji vyetu, wenye nauli ileile ya kutafuta, na neno moja kwa wiki lilitosha kuwasogeza baadhi yao. Mtu mzembe hasogezwi na ujumbe mfupi.

Kliniki hizo za virusi zilikwenda mbali zaidi. Aliyekosa siku yake alipigiwa simu, na wakati mwingine alitembelewa nyumbani. Aliyetulia kwenye dawa alipewa za miezi mitatu kwa mara moja. Wakati huohuo, katika hospitali hiyohiyo, mgonjwa wa sukari alikuwa anaandikiwa TCA na kuachwa.

Najua jibu litakalotolewa: zile zilikuwa pesa za Marekani. Ni kweli, na Marekani iliposimamisha misaada mwanzoni mwa 2025, wengi wa waliokuwa wakipiga hizo simu walipoteza kazi. Ila kuandika saa kwenye kadi hakuhitaji mfadhili. Wa karibu waje saa mbili, wa mbali saa tano, na boksi liondolewe mlangoni, kwa sababu likibaki hakuna atakayeiamini hiyo saa. Nambari ya simu ya kliniki ingechapishwa kwenye kadi hiyohiyo. Kumpa mgonjwa aliyetulia dawa za miezi mitatu ni kugumu zaidi, kwa kuwa stoo za kaunti huishiwa, na hapo wauguzi hawana la kufanya.

Sasa serikali imeanza kuzihamishia huduma za virusi kwenye kliniki za kawaida. Wagonjwa wa aina zote mbili watakaa benchi moja, na mojawapo ya taratibu hizi mbili itaimeza nyingine. Kaunti za Nyanza na Magharibi zina wajibu wa kuamua mapema ni ipi, na daftari la wagonjwa wa kupigiwa simu lihame pamoja na faili zao.