Changarawe kwenye mpunga wa mzee

Wiki mbili nimejizuia nisiandike hii, nikasema ngoja hasira zishuke kwanza. Hazijashuka, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Kilichonichokoza ni picha. Jamaa mmoja tuliyekuwa naye Kilombero mwezi wa saba katupia picha mtandaoni, baiskeli yake kaiegemeza kwenye tuta la shamba, nyuma Udzungwa imevaa wingu kichwani, picha kali kwa kweli, hilo simnyimi. Chini kaandika "Barabara tupu. Mimi na upepo tu." Malaiki kama mvua za masika. Mimi nikaikuza ile picha, na kwenye kona ya kushoto kuna mama kainama anapepeta mpunga. Yaani mtu yupo ndani ya picha yako mwenyewe na bado barabara ni tupu!

Sasa ngoja niwaambie siku ile ilitokea nini, maana kwenye maelezo ya picha hakipo.

Tulikuwa sita. Tulipanda treni ya TAZARA Dar, baiskeli zikalipiwa mzigo, tukashuka Ifakara usiku mkubwa tukiwa na usingizi na mbu. Siku ya pili tulikuwa tunarudi kutoka upande wa Namawala kwa njia za ndani zinazokatiza mashambani, mkono wa kushoto ukuta wa milima, kulia bonde limelala tu mpaka macho yanachoka. Ifakara ipo kama mita 250 juu ya bahari na Luhombero kule juu Udzungwa ni mita 2,576, kwa hiyo muda wote unaendesha chini ya mlima ambao huupandi, na mimi hapo ndipo raha yangu ilipo. Kuna wenzetu wanasema tambarare inaboa. Tambarare haina mteremko wa kupumzikia, kaka, jaribu saa saba mchana na upepo wa usoni halafu uje tuongee.

Haya. Mbele yetu kuna mzee na Phoenix yake nyeusi, kwenye keria gunia la mpunga la lumbesa limelazwa, limefungwa kwa mpira wa tyubu, anakanyaga taratibu kwenye kale kamstari kagumu ka pembeni ya barabara. Jamaa yetu ndiye alikuwa anaongoza, spidi thelathini na kitu, earphone masikioni, maana kwenye Strava, ile programu ya simu ya kupima mwendo, hapo kuna kipande cha kilomita nne na alikuwa anakitafutia taji, lile la aliyekipita kwa kasi kuliko wote. Akaanza, "Njia! Njia! Njia mzee!" Sasa mtu ana kilo mia mgongoni mwa baiskeli, unamwambia njia aende wapi? Mzee wa watu akajaribu. Akatoa tairi la mbele kwenye kamstari, likazama kwenye changarawe laini, gunia likamvuta, akaenda chini yeye na baiskeli. Gunia likapasuka ubavuni, mpunga ukamwagika barabarani. Taji likapita. Hakugeuza hata shingo. Anasema hakusikia, sawa, masikio yalikuwa na kazi nyingine.

Wengine watatu wakamfuata mwenzao. Tukabaki wawili.

"Shikamoo mzee, pole sana, umeumia?"

"Marahaba wanangu. Mimi mzima. Simamisheni baiskeli kwanza, hilo gunia linaendelea kumwaga."

Sijui kama umewahi kuokota mpunga kwenye barabara ya changarawe. Punje ya mpunga ina rangi ile ile ya vumbi, na vile vijiwe vidogo vina ukubwa ule ule wa punje, ukichota kiganja unachota vyote, ukipuliza vumbi linaondoka ila jiwe linabaki linakuangalia. Mzee alituona tunavyohangaika akacheka kidogo, akasema, "Okoteni wa juu tu. Huo wa chini ni wa kuku." Debe zima kama sikosei lilikuwa la chini. Debe zima la kuku. Na aliyewahi kung'ata jiwe kwenye wali mbele ya wageni anajua kwa nini mzee hakutaka kubahatisha, maana anaupeleka mashineni Ifakara kukoboa auze, na mnunuzi akishakukuta na mawe mara moja bei yako ndiyo imekwisha.

Tukatoa hela, akakataa. Tukasisitiza, akasema hela siyo shida wanangu, shida ni hili gunia, hamna mpira? Kwenye begi la fremu nilikuwa na tyubu ya akiba, mpya, haijawahi kuona upepo tangu itoke dukani. Akatoa kisu, nikaichana mwenyewe vipande virefu, akafunga ule ubavu uliopasuka kwa ustadi ambao mafundi wetu wa Dar wakauone. Weka akilini hiyo tyubu, tutairudia.

Ninachotaka kusema ni kuhusu kale kamstari.

Kila anayeendesha baiskeli ya changarawe anakajua. Barabara katikati ina mawimbi yale ya kung'oa meno, pembeni kabisa kuna mchanga na majani, halafu katikati ya hapo na hapo kuna kaupana ka kiganja, kamesawazika, kagumu, keupe kwa kukanyagwa. Ukikapata kale unasahau matatizo yako yote. Tunakasifia, "njia safi sana hii", tunakachora kwenye ramani tunawatumia wenzetu. Umewahi kujiuliza kametengenezwa na nani? Greda hapana, greda likipita ndiyo kwanza linakafuta. Kametengenezwa na baiskeli zenye mizigo. Masika bonde lote ni maji, udongo wa mbuga unageuka gundi, unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu haligeuki, watu wanabeba baiskeli badala ya baiskeli kuwabeba. Maji yakishuka, wa kwanza kupita ni wao, wanatafuta mahali pagumu, wanapita leo na kesho na keshokutwa, gunia, mkaa, samaki, mama mjamzito amekaa kwenye keria, mbao, kreti za soda. Ule uzito ndio unaoshindilia. Mwezi wa saba sisi tunashuka na treni, tairi milimita 45, upepo kidogo kwa ajili ya ulaini, tunateleza juu ya kazi ya miezi ya watu halafu tunampigia mwenyewe kelele atupishe.

Atupishe! Kwenye kamstari kake!

Na usiniambie "lakini mimi nina spidi". Ndiyo maana yenyewe. Mimi nikisimama natoa mguu kwenye pedeli, nakunywa maji, naondoka, nimepoteza sekunde kumi. Mzee akisimama na lumbesa, kuondoka tena ni shughuli, lazima aisukume akikimbia nayo kwanza, ipate mwendo, ndiyo arukie kiti bila gunia kumlaza, na akiwa peke yake wakati mwingine haiwezekani mpaka apate wa kumshikia. Breki zake ni za vyuma zile za zamani, na mzigo ule zinapunguza tu mwendo, kusimamisha hazisimamishi. Kwa hiyo mwenye mzigo anapita, mtupu anashuka. Mimi mtupu. Baiskeli yangu ina bei ya Phoenix kumi na haijawahi kubeba hata kilo ya sukari.

Baba alikuwa na Phoenix, fundi alikuwa ameichomelea nondo kwenye uma wa mbele isikatike. Alikuwa anavuka nayo mto Kilombero kwenda Lupiro kununua mpunga enzi hizo ni kivuko, kabla hawajajenga hili daraja la mita 384, kivuko ambacho Januari 2016 kilikuja kuzama na watu. Nakumbuka tunamsubiri jioni, tunamjua kwa mlio wa keria kabla hajatokea. Siku akirudi na gunia mbili alikuwa haongei mpaka ameoga. Nimeingia kwenye habari za baba bila kukusudia, samahani, ila nadhani ndiyo sababu nilikasirika kiasi kile.

Haya mambo ya kusema graveli, yaani kuendesha baiskeli kwenye changarawe, ni mchezo mpya sina ugomvi nayo. Wamarekani mashindano yao ya Emporia kule Kansas yalianza 2006, maili 200 za vumbi, leo yanaitwa Unbound na ni makubwa kweli kweli. Wakenya wana Migration Gravel Race huko Mara tangu 2021 na vijana wa huku kwetu Afrika Mashariki wanatamba. Safi. Lakini mashindano yana siku yake, watu wametangaziwa. Namawala nani alitangaziwa? Pale ni Jumanne, watu wako kazini, barabara ndiyo ofisi yao.

Ndiyo, nakubali, wazee wetu hawana taa, jioni unakutana na gunia linatembea gizani bila hata kiakisi mwanga nyuma, nusu ukutane na Mungu wako. Na ndiyo, tunaacha hela, tunalala gesti, tunakula, fundi wa pale karibu na stendi alinihudumia vizuri na akanitoza bei ya mgeni na sikulalamika. Bodaboda nao ni wabaya kuliko sisi. Haya nimekubali yote, tuendelee.

Maganda ya jeli, zile za kunyonya njiani mpate nguvu, yaokoteni, nimeyaona. Mpunga ulioanikwa kwenye turubai kandokando ya barabara hata kama umemeza nusu ya njia siyo kikwazo cha kurukia, zunguka. Hili bonde limeingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani, mwaka 2002 kwa sababu ya maji yake na ndege na swala wale wanaoitwa sheshe, taji lako halikutajwa.

Na neno "tupu" tuliache. Sijawahi kuona barabara tupu Kilombero. Kimya ipo, sana, unasikia mnyororo wako na kwelea na mtoto mbali huko anawafukuza kwa kupiga debe. Ila ukisimama dakika tano popote, hata mahali unapodhani hamna mtu, anatokea mtu. Anakusalimia. Anakuuliza unatoka wapi na kwa nini unajitesa na jua.

Nilimwandikia jamaa kwenye grupu. Nikamweleza habari ya debe. Akanijibu kwa kidole gumba. Kidole gumba! Nikamwambia basi tuma angalau hela ya hilo debe, nitampata mzee kupitia watu wa mashine, hadi leo naandika hii namba yangu ya M-Pesa haijalia.

Nilisema tutarudi kwenye tyubu. Kilomita 11 kabla ya Ifakara jiwe lilichana tairi langu ubavuni. Yale maji meupe ya kuziba yakamwagika yote barabarani kama uji, hayakuziba kitu. Nafungua begi, tyubu hamna, ipo kwenye gunia la mpunga. Mwenzangu alikuwa na tyubu ya saizi nyingine, nikamwambia atangulie mjini akanitafutie bodaboda, mimi nikaanza kusukuma. Viatu vyenyewe vile vya chuma chini, kila hatua kwaru kwaru kwaru, jua linashuka, nimekaa kwenye kamstari maana pembeni mchanga.

Nikasikia nyuma mlio wa keria. Nikataka kupisha, nikajikwaa na baiskeli yangu mwenyewe. Yeye akapunguza mwendo mapema kabisa, akasubiri nijipange, akasema, "Napita, mwanangu." Tyubu yangu imekaza gunia vizuri. Akapita.